Kucha za Mheshimiwa

Makindye, Kampala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako cha kuegemea, mguu umeunyoosha na chai iko karibu, maana ni ndefu na sitaki uisome umesimama jikoni. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia imekufaa, au umewagawia majirani wote kama kawaida yako? Kahawa mmeshaanika, au mvua bado inawasumbua? Mimi ni mzima. Kikohozi kilinishika wakati wa vumbi, kikaondoka. Hasira ndiyo haijaondoka, na ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Naandika kwa sababu kwenye simu hamnipi nafasi. Kaka Projestus anaweka spika, mkewe anachangia, majirani wanacheka, nami huku najikuta napiga kelele katikati ya Wandegeya, wanafunzi wananitazama kama kichaa. Barua haikatizwi. Isome mwenyewe kwa miwani yako, Mama. Usimpe kaka akusomee, maana ataruka kila anapotajwa, na humu ametajwa sana.

Tuanze na huyo sungura, kwa kuwa ndiye kaka anayemtaja kila akifungua mdomo. Kazi yangu unaijua: nakaa kwenye saluni moja karibu na hosteli za wanafunzi, natengeneza kucha. Naosha, nakata, nasugua, napaka rangi. Mteja wangu mmoja alipomaliza masomo na kurudi kwao aliniachia sungura wake, mweupe mwenye masikio ya kijivu, kwa sababu hapo hosteli mpishi alikuwa ameanza kumtazama kwa jicho la mchuzi. Nikampa jina la Mheshimiwa, maana anakula, anakaa, anaangalia watu, na hafanyi kazi yoyote. Kemi alipomwona kwenye simu alicheka mpaka pumzi ikamkata. Tangu mdogo wangu Veneranda atutoke hatukuwahi kumsikia mtoto wake akicheka hivyo. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia, ukasema machozi yalikutoka.

Sasa, sungura wa porini anachimba ardhi, kucha zake zinalika zenyewe. Huyu wangu anashinda kwenye sakafu ya saruji na mkeka. Kucha zikarefuka, zikaanza kujikunja, zikawa zinanasa kwenye mkeka kila akiruka. Siku moja akamkwaruza Hajati. Hajati ndiye mwenye nyumba wangu, mama wa Kinubi, mjane wa polisi, amezaliwa na kuzeekea hapa jirani na kambi ya jeshi, na sijaona mtu ambaye yeye anamwogopa. Alikuja mlangoni ameinua mkono niuone.

"Wewe nyabo, kazi yako ni kucha, na sungura yako iko na kucha kama ya chui! Kata hiyo kitu. Hapana kata, mimi natia yeye kwa sufuria."

Basi nikamkata. Na nilimkata kama ninavyomkata mteja, hapo ndipo palipoharibika. Nilimlaza chali mapajani. Nikamloweka miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni, nikamsugua vizuri, nikajiandaa kumpa kucha fupi za mraba kama wanavyopenda wasichana wa hosteli. Alitulia kimya kabisa, nikadhani anafurahia huduma. Ukucha wa kwanza tu, damu ikaruka. Akapiga teke, akanitoka mikononi, akaingia chini ya kitanda, na matone mekundu yakamfuata sakafu nzima. Nililala kifudifudi pale chini nikimwita huku nalia. Ndipo simu ikaita, na alikuwa Kemi, anataka kumwona Mheshimiwa. Sikumdanganya. Nilimwambia nimemkata vibaya na anatoka damu.

Kilichofuata unakijua kwa kuwa ulikuwepo. Kaka alimnyang'anya mtoto simu, akacheka kwanza, halafu akasema, "Jenerosa, kama kisungura tu kinatoka damu mikononi mwako, mtoto wa watu utamfanya nini? Kemi haji Kampala. Nikishapaka nyumba chokaa atahamia kwangu, amsaidie wifi yako kulea mapacha." Amesema hivyo kwa mtoto ambaye bado anang'oka meno ya utoto! Na mapacha wenyewe wakimkalia mgongoni wanamzidi uzito.

Na wewe Mama ulinyamaza. Nilisikia kiti chako kikilia, nikajua upo, nikasubiri useme neno moja. Hukulisema. Kaka nimemzoea, maneno yake yananipita. Kimya chako kiliniuma na kinaniuma hata sasa ninapoandika.

Sasa nikueleze kilichotokea baada ya hapo, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Nina mteja anaitwa Akello, binti wa askari kutoka kaskazini, anasomea udaktari wa mifugo pale chuoni. Kiswahili chake ni cha kambini alikokulia. Nilimsimulia nikiwa nampaka rangi, naye akasahau kwamba rangi ni mbichi, akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Banange! Jenerosa, wewe naloweka sungura? Ile si mutu! Na kulala chali, wewe naona yeye nafurahi. Hapana. Yeye naogopa mpaka nakauka kama amekufa."

Mama, nilijisikia vibaya sana. Nilidhani ananiamini kumbe alikuwa amekata tamaa. Ilinibidi nifute vidole vya Akello nianze upya, na muda wote huo nikawa namuuliza, naye ananieleza. Ukucha wa sungura una mshipa ndani, unaishia karibu na ncha. Kwenye ukucha mweupe unauona kama mstari wa waridi, na kwenye ukucha mweusi unawasha tochi nyuma yake ndipo uuone. Unakata ncha peke yake, mbali na mshipa, kipande kidogo sana, na ukiwa na shaka unakata kidogo zaidi ya ulivyokusudia. Miguu ya nyuma usiiache ikining'inia hata kidogo, kwa sababu teke lake lina nguvu kuliko uti wake wa mgongo, anaweza kujivunja mwenyewe. Miguu ya mbele ina ukucha wa pembeni, kwa ndani, kama kidole gumba. Huo ndio watu wanaousahau, nao ndio unaojikunja ukaingia nyamani. Na kabla ya yote uweke kornflawa karibu, ili damu ikitoka uubandike unga na kubana kwa kitambaa safi mpaka ikate.

Nilisubiri kile kidonda kipone. Kila nilipofika kutoka kazini nilikaa sakafuni na majani ya karoti, nikamgusa mguu, nikamwachia. Siku za kwanza alikuwa anakimbilia chini ya kitanda akiniona. Sikumvuta. Nilimwacha huko mpaka atoke mwenyewe.

Jumapili moja nilipotoka misa Lubaga nikamwambia Hajati leo ndiyo leo, anisaidie kushika. Hajati akasema nimwite yule daktari afanye, kwani mimi nimeshaonekana siwezi. Nikakataa. Nikamwambia niliyemtoa damu ni mimi, na atakayemkata ni mimi, asipotaka kushika nitamwomba mtu mwingine. Akanitazama, akavua bangili zake akaziweka dirishani.

Tulimfunga Mheshimiwa kwa taulo kama mtoto mchanga, kichwa nje, Hajati amempakata amekaa wima, mkono mmoja chini ya makalio yake. Alikuwa anamsomea dua kwa sauti ndogo, Hajati yule yule wa sufuria! Nami nikatoa mguu mmoja kwenye taulo, nikasogeza manyoya, nikawasha tochi ya simu, nikauona mshipa. Mama, mimi ninayekata kucha za watu kutwa nilipima ncha ile mara tatu. Nikakata kancha kadogo. Hakuna damu. Nikakata kengine. Akishtuka naacha, akitulia naendelea. Tulipofika mguu wa mwisho akaanza kuhema haraka na kusukuma taulo.

"Maliza, nyabo, nabaki kidogo tu!" akasema Hajati.

"Amechoka. Mguu huo tutamalizia kesho."

"Lakini hiyo mingine yote unakata muzuri."

"Kesho, Hajati."

Akaguna. "Kale, sawa. Kumbe boss iko yeye."

Tukamalizia kesho yake, naye akala ndizi mbivu kipande na akalala ubavu. Hakuna tone lililomtoka.

Nilikuwa nimepanga kupiga video nimtumie kaka aone. Nilishaitegesha simu kwenye kabati, halafu nikaitoa. Kaka si mwalimu wangu, na mimi sifanyi mtihani wake. Ndiyo, nilimtoa sungura damu. Sifichi wala sioni haya. Mtu ambaye hajawahi kumkosea anayemlea ni yule ambaye hajawahi kumgusa, kama kaka na wanawe, anaowajua wakiwa wameshaogeshwa. Wewe ulinimwagia uji wa moto mguuni nikiwa sijaanza shule, na kovu ninalo mpaka leo. Ulinibeba mbio mpaka zahanati umevaa khanga moja, ukalala sakafuni kando ya kitanda changu. Je, kuna mtu aliyesimama akasema mtoto huyu aondolewe kwa mama yake? Angesema, ningemng'ata.

Nami nataka kukukumbusha jambo, kwa sababu inaonekana nyumbani limeanza kusahaulika. Veneranda alipokuwa amelala mgonjwa pale chumbani kwako, siku ile alipoomba tumfungulie dirisha, alikushika wewe kwa mkono mmoja na mimi kwa mwingine, akasema, "Kemi ni wa Jenerosa." Tulikuwa watatu. Kaka alikuwa nje na wanaume anapanga viti. Kwa hiyo hajui, na asijifanye anajua. Anayejua ni wewe. Ukinyamaza wewe, ni kama Veneranda hakusema.

Na hii hapa ni habari ya juzi, ambayo labda hukuisikia. Kemi alinipigia, nikamwomba anionyeshe mikono yake kwenye simu. Kucha amezing'ata mpaka nyama, kidole kimoja kimevimba. Nikamuuliza nani anamkata kucha siku hizi. Akasema bibi anaogopa kwa sababu mikono yake inatetemeka, na mama wa mapacha hana nafasi. "Kwa hiyo najikata kwa meno, Mamkubwa." Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetoa taarifa. Mama, sikulaumu wewe, mikono yako imefanya kazi ya kutosha. Ila nilizima simu nikalia, na nilipomaliza kulia nikaenda kukata tiketi.

Nakuja shule zikifunga. Nimeshapata nafasi shule ya msingi hapa chini ya kilima chetu, Hajati amenipunguzia kodi ya chumba cha pili, na kitanda cha Kemi kinachongwa. Naomba ukamwone mwenyekiti wa kitongoji atuandikie ile barua ya kumvusha mtoto mpakani Mutukula. Sahihi inayotakiwa ni ya mlezi, na mlezi ni wewe, si Projestus. Kama utatia sahihi, nitakubusu mikono yote miwili. Kama hutatia, nitakuja vilevile, nitakaa hapo sebuleni kwako na mkoba wangu, na tutatazamana mpaka likizo iishe. Kazi yangu inanifundisha kukaa kitako muda mrefu.

Nisalimie shangazi wa Kashozi, mwambie kitenge chake nimekipata, rangi ile ile ya maboga. Msalimie katekista wetu na mkewe, na yule jirani anayekuchotea maji, Mungu ambariki. Mpe wifi pole kwa mapacha, najua hakupanga yeye maneno haya. Kaka Projestus naye msalimie. Mwambie nampenda, na kwamba mapacha ni wake, awabebe.

Kemi mwambie kidole kile akiweke kwenye maji ya chumvi asubuhi na jioni. Na asiziguse tena kucha kwa meno, aziache ziote. Naja kumkata mwenyewe, kidogo kidogo, na akishtuka nitasubiri.

Mwanao,

Jenerosa, mama yake Kemi