Meno Badala ya Mbuzi

Jumatatu, 2 Juni
Soko la Tala. Siku ya kumi na moja tangu nikimbilie nyumbani kwa Mama. Nimechambua mitumba, sketi za watoto tupu, mdomo nimeufunika kwa leso. Wateja wanaangalia leso, hawaulizi. Mume wangu Mutua alinipiga mdomoni kwa mpini wa jembe kwa sababu chai ilikuwa imepoa. Meno mawili ya mbele yamekatika ncha. Namchukia.

Jumatano, 4 Juni
Wazee wamekaa. Kwetu, mume akimpiga mke hadi akimbilie kwao, humfuata na mbuzi. Anachinjwa, wote wanakula, mke anarudi. Mutua alikuja mikono mitupu. "Wazee wangu, mbuzi italiwa leo iishe," akasema. "Mimi nitamtengenezea meno. Ile ya kisasa, huko Machakos." Wazee wakafurahi. Baba pia. Hakuna aliyeniuliza. Nilitamani kuwapiga na viti vyao.

Jumatatu, 9 Juni
Machakos. Daktari wa meno ni mama wa makamo, anaeleza polepole. Vinia ni ganda jembamba la kaure, linagandishwa usoni mwa jino. Jino hukwanguliwa kwanza, na likishakwanguliwa halirudi lilivyokuwa. Bora manne, rangi zisipishane. Yaani mawili mazima yakwanguliwe kwa ajili ya mpini wa Mutua. Nisifungue soda kwa meno. Nisitafune mifupa. Nikamuuliza, na ngumi?

Akaweka kioo chini. "Mama, ngumi hakuna kaure inaweza."

Nimekubali hata hivyo. Nataka mdomo wangu.

Jumanne, 24 Juni
Wiki mbili na meno ya muda, leo yamewekwa yenyewe. Mazuri sana. Nimejichekea kwenye kioo cha choo. Halafu nimelia.

Ijumaa, 27 Juni
Mutua amekuja sokoni kunichukua. Nikakataa. Akanishika taya mbele ya watu, akanipanua midomo kama mtu anayenunua ng'ombe. "Hii meno ni yangu. Mahali iko, ni kwangu."

Hapo nikaona walikosea wapi wale wazee. Mbuzi huliwa na wote, akaisha, hakuna wa kumdai mwenzake. Meno yako mdomoni mwangu kila siku, na huyu anadhani amenunua mdomo.

Kidole gumba chake kilikuwa ndani. Nikauma. Nikauma hadi mfupa. Akanipiga sikio, akanipiga kifua, sikuachia. Alipiga mayowe kama nguruwe. Wauza vyuma ndio waliotutenganisha. Nilitema damu yake kwenye viatu vyake. Ganda moja limebanduka, liko zima, nimelifunga kwenye leso. Sijuti. Ningeachiwa kidogo ningekimaliza kidole.

Jumapili, 29 Juni
Wazee wamerudi. Sasa wanataka mbuzi kutoka kwangu, eti nimemwaga damu ya mume. Baba amewapa chai. Kisha akawaambia huyu harudi. Sauti ilikuwa ndogo. Nimemsamehe nusu.

Jumanne, 1 Julai
Machakos tena. Daktari amelisafisha ganda, amelirudisha mahali pake. Ufizi unauma kidogo. Akanipa fomu nijaze upya. Jina, simu, kazi. Penye jina la mume nimeacha wazi. Akaichukua, akaisoma, akaiweka kwenye faili.