Udongo wa Kituo cha Nne

Kiritiri, 18 Januari 2025

Mama mdogo Kinya,

Nikianza na salamu nitaogopa, kwa hivyo nakuambia kwanza jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine: mimi hula udongo. Naubandua ukingoni mwa mto nikienda kukuchotea matope ya utafiti wako. Nilianza nikiwa kidato cha pili. Ni udongo uleule ambao Mama huwauzia wajawazito sokoni, na akinikamata atadhani nina mimba.

Sasa salamu. Hujambo? Baridi ya Meru inakutendeaje? Sisi ni wazima, mbuzi pia, mvua hakuna. Katoni hii ina matope ya vituo vyote vinne. Nilitumia kijiko cha plastiki, si cha chuma, kama ulivyonifundisha. Kituo cha nne ni pale kwenye kona ya mto Mama anapochimba, chini kidogo ya mahali vijana wanapovunja betri kuukuu za magari. Mashine yenu inaweza kujua kama udongo wa kula una kitu kibaya? Barua naificha kwenye katoni kwa sababu simu ni ya Mama na husoma kila kitu.

Mwanao,
Wambeti

Meru, 2 Februari 2025

Mpenzi Wambeti,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mimi nina mafua tu. Nisamehe, nimecheka. Mama yako na mimi tulikula udongo huko Kianjai mpaka nyanya yetu akatupaka pilipili midomoni. Siri yako sitaitoa. Lakini acha kula hadi nipime. Mashine ya chuo ina foleni, na ya kwangu ni matope ya mwanafunzi tu.

Msalimie dada yangu.

Mamako mdogo,
Kinya

Kiritiri, 9 Machi 2025

Mama mdogo,

Natumaini mafua yameisha. Huku tuna mgeni: dada Kawira amekuja kujifungulia nyumbani. Mimba ina miezi minne. Anakula udongo kama mtu anayekula njugu. Mama anamchimbia ule laini wa kwenye kona, anauanika juu ya bati, na ule mzuri kabisa hauuzi tena, anamwekea yeye.

Mimi nimeacha, ingawa mate hunijaa nikiusikia unavyonukia mvua. Umepima? Naomba unijibu upesi, si kwa ajili yangu.

Mwanao,
Wambeti

Meru, 21 Machi 2025

Wambeti mpenzi,

Salamu kwa wote, na kwa Kawira zaidi. Ndiyo, majibu yametoka. Matope ya kituo cha nne yana madini ya risasi, yale yenye sumu ya ndani ya betri, na ni mengi kuliko nilivyohofia. Nilipima pia kipande cha udongo wa kula ulichotia kwenye katoni ya mwezi jana. Nao unayo.

Sasa nisikilize. Usimwambie mtu. Profesa wangu anasema kamati ya chuo lazima iyapitishe majibu kwanza. Neno likitoka mapema, wenye betri watanishtaki na kazi yangu ya miaka miwili itatupwa. Mwambie Kawira aache, bila kusema kwa nini. Ni miezi michache tu. Wewe ni msichana wa kunyamaza, ndiyo maana nilikuchagua.

Mamako mdogo,
Kinya

Kiritiri, 30 Machi 2025

Mama mdogo,

Salamu. Nilimwambia. Alikuwa amekaa mlangoni na bakuli.

"Kawira, acha huo udongo."

"Kwa nini?"

Nikanyamaza, kama ulivyotaka.

"Mama, njoo uone! Daktari wa matope ananiandikia dawa!" Kawira akaita.

Mama akacheka hadi akashika mlango. "Huyu alikuwa tumboni mwangu nikila ndoo nzima. Labda ndiyo maana haongei!"

Wakacheka wote wawili. Mimi nikaenda kufunga mbuzi. Naomba ruhusa ya kusema sababu. Neno moja tu kutoka kwako litatosha.

Mwanao,
Wambeti

Meru, 7 Juni 2025

Wambeti mpenzi,

Hamjambo? Mbona katoni za Aprili na Mei hazikuja? Nisamehe kwa kimya changu, nilikuwa nakimbizana na kamati. Wamepitisha! Agosti nitakuja kusoma majibu mbele ya watu wa kaunti, na hapo tutasema yote. Kawira anaendeleaje? Nimemnunulia mtoto blanketi ya manjano.

Mamako mdogo,
Kinya

Kiritiri, 19 Juni 2025

Mama mdogo,

Hongera kwa kamati. Mama ni mzima. Mimi ni mzima. Kawira anatembea sasa, lakini hataki kuota jua.

Mtoto alizaliwa mwezi jana, kabla ya wakati, na hakulia. Alikuwa mvulana. Hospitalini hawakutuambia sababu. Sisemi ni udongo. Sijui, na wewe pia hujui, ila una namba na mimi nina lile bakuli.

Wiki baada ya mazishi Mama alichukua jembe kwenda kwenye kona, kwa sababu wateja walikuwa wanauliza. Nikamwambia nimeona mbwa ameoza pale, funza wamejaa hadi kwenye ukingo. Ni uongo. Mama alimwaga gunia zima shimoni, akasugua karai kwa sabuni na majivu. Sasa anachimba kilimani, mbali na mto. Kumwachisha kulichukua muda wa kuvaa kiatu tu. Kisha akanitazama.

"Umemwona tangu lini?"

"Kitambo."

"Na hukusema?"

Hilo swali linaninyima usingizi. Nilikuwa nasubiri ruhusa yako, kumbe uongo wa mbwa ungetosha tangu Machi.

Matope sitachota tena. Blanketi usiilete.

Ukija Agosti, wasomee wote namba zako, na uzisome kwa sauti, hasa ya kituo cha nne. Lakini Mama atakuwa amekaa pale. Anaamini ni Mungu aliyemchukua mtoto, na Kawira anaamini Mama. Ukiulizwa ulijua lini, sema majibu yalitoka Julai, baada ya mazishi. Wewe unajua kungoja na mimi najua kunyamaza. Machi ibaki kwetu wawili, naomba, usimwambie mtu.

Binti wa dada yako,
Wambeti