Sauti Yako Nyumbani Kwangu

Koulo, Lifuka,
Ha'apai, Tonga.

Jumatatu, 14 Agosti 2017

Mpendwa mdogo wangu Melenaite,

Pokea salamu kutoka nyumbani, na Mungu ashukuriwe aliyetuamsha wote leo tukiwa na pumzi. U hali gani huko Auckland? Mgongo wa shemeji Semisi umepoa au bado anatembea kwa kujishika kiuno? Na watoto, bado wanakataa magimbi yetu ya talo? Waambie mama yao mkubwa akifika huko atawalisha kwa mkono wake, na hakuna atakayekimbia.

Sisi hatujambo. Upepo wa kusini umekuwa mkali mwezi huu, tunalala na mablanketi mawili. Shemeji yako Uaisele amepanda viazi vikuu nyuma ya nyumba, na nguruwe wa jirani wameshaviona.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu kueleza jambo, unalia, nami nikisikia unalia nasahau nilichotaka kusema. Binamu yetu Kepueli anasafiri keshokutwa na mkeka wako, basi nimempa na barua hii. Isome ukiwa umekaa.

Kwanza ule wimbo mliourekodi na kwaya yenu, ule uliotutumia kwenye simu. Ulifika, na ulifanya kazi kubwa. Tangu kiharusi kimpige mama mwezi wa Machi hakuwa ametamka neno hata moja. Alikuwa anatazama ukuta, na ule mkono wa kulia umelala kama si wake. Muuguzi alisema tumzungumzishe. Nilimzungumzisha, Mele! Nilimwambia habari za kuku, za mvua, nani kaolewa na nani kaachwa. Nikimwogesha, nikimlisha uji, nikimgeuza upande, mdomo wangu haukufunga, na yeye kimya tu. Halafu jioni moja Uaisele akaweka simu juu ya mto, sauti yako ikatoka, na mama akafungua kinywa akaimba sauti ya pili, maneno yote, mpaka mwisho.

Uaisele alilia kama mtoto. Mimi nilienda jikoni.

Usidhani sikufurahi. Nilifurahi sana. Lakini nilikaa pale kando ya jiko nikijiuliza: miezi yote hiyo mikono yangu iko mwilini mwake asubuhi na jioni, na hakuniitikia hata "eh". Wewe uko ng'ambo ya bahari, ukaimba mara moja tu, ukaitikiwa.

Basi kijiji kizima kikaja kusikiliza. Unamjua Kalolaine, mke wa mwalimu wa kwaya, hawezi kuingia nyumba ya watu bila kelele. Akasimama mlangoni kashika kifua: "Jamani, sauti ya malaika! Melenaite kamfufua mama yake akiwa kule kule!"

Nikamwambia, "Huyo malaika mwambie aje aanue mashuka, yako kwenye kamba."

"Lesieli nawe! Wivu wa nini? Si mdogo wako?"

"Ndiyo maana hasa," nikamjibu.

Akacheka, akadhani natania. Jumapili iliyofuata mchungaji akakuombea kanisani kwa jina, binti ambaye kipaji chake kimevuka bahari kuja kumfariji mama. Niliambiwa tu. Mimi sikuwepo kusikia, nilikuwa nyumbani na beseni.

Unakumbuka mama alivyokuwa akikufundisha barazani? Alikuwa anaandika kwa chaki namba za kupandisha na kushusha sauti kwenye tangi la maji, anakugongea mapigo kwa kijiti, nawe unaimba huku unachezea nywele. Nami nilikuja siku moja nikasimama nyuma yako, nikafungua mdomo. Mama akageuka, akasema kwa upole kabisa, "Lesieli, mwanangu, nenda kaangalie chungu." Sijui kama wewe unakumbuka. Chungu chenyewe nimekiangalia mpaka leo.

Hata kwa Mungu sikuficha. Nilimwambia nikiwa nafua: Bwana, yeye ulimpa sauti, mimi ukanipa mgongo, na mgongo wenyewe umechoka. Sikusema amina. Niliendelea kukamua shuka.

Sasa nikueleze habari yenyewe. Jumapili tatu zilizopita, watu wote wa nyumba walikuwa wamekwenda kanisani. Chakula kilikuwa kimefukiwa kwenye tanuri la chini, majani ya talo na nyama ya kopo na tui, harufu imeanza kupanda. Nilikuwa namfuta mama uso. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaonyesha simu. Anataka wewe. Asubuhi hiyo ulikuwa umeshaimba tangu chai, na jana yake kutwa.

Nikaizima. Nikaiweka juu ya kabati.

Nikamwambia, "Leo Mele amepumzika, mama. Leo uko na mimi."

Alikasirika! Alipiga godoro kwa kiganja, akanigeuzia kisogo. Kutoka kanisani tukasikia kwaya imeanza, unajua sauti zinavyofika hapa upepo ukiwa upande wetu, na kwa mara ya kwanza tangu kupata wimbo wako hakuimba nao. Alikuwa ananikomoa. Na mimi nilikuwa nimefika mwisho wangu, Mele. Siombi radhi. Nikaanza kuimba mimi.

Niliimba wimbo wako. Unaijua sauti yangu, inaanza kama mlango wa banda na inaishia popote inapochoka. Kile kiitikio chenu kinasema Bwana hukaa katika nyumba inayomngoja. Nilikuwa nimekisikia kwa sauti yako mpaka kikawa kinanichoma kama mwiba. Lakini nilipokitoa kwa kinywa changu, nikiwa na kitambaa kibichi mkononi na mama kanipa kisogo, nikaona ni maneno mazuri. Nikaona ni ya nyumba hii. Nani mwingine anayengoja kama mimi? Sauti ikazidi kuharibika, nami nikaendelea ubeti wa pili.

Hapo nikasikia kitu kama mtu anapaliwa. Nikamgeuza haraka. Hakupaliwa. Alikuwa anacheka kwa nusu ya mdomo, machozi yanamtoka.

"Shusha," akasema.

Kitambaa kikaniponyoka. "Nini, mama?"

"Shusha. Juu mno." Akatafuta neno jingine, uso ukakunjamana, nami nikangoja. "Lesieli. Juu mno."

Mele, kwa wimbo wako mama aliimba. Lakini maneno yale hayakuwa ya wimbo. Aliyatafuta mwenyewe, akayapata, akanipa mimi. Nilipiga magoti pale pale kando ya kitanda, nikasema ile amina niliyoiacha kwenye beseni la kufulia.

Sikukaa nikilia, hakuniruhusu. Akagonga ukingo wa kitanda kwa kidole: "Tena." Nikaimba tena. "Pumzi." Nikavuta pumzi. "Hapana. Tena." Alinifundisha asubuhi nzima, mimi mtu mzima nina mvi, akinirekebisha kwa maneno mawili matatu kama alivyokurekebisha wewe barazani. Chakula kilibaki chini ya udongo mpaka kikaiva kupita kiasi.

Uaisele akarudi na Biblia yake kwapani, akasimama mlangoni. "Nani alikuwa anaimba?"

"Mke wako," nikamjibu.

"Afadhali. Nilidhani kuna mtu ameumia, nikaja mbio."

Mama akacheka tena, akasema, "Anajifunza." Uaisele kusikia hivyo akaketi chini kwenye mkeka na viatu vyake vya kanisani. Tulikula majani yaliyoungua kidogo, na hakuna aliyelalamika.

Tangu siku hiyo anaongea kidogo kidogo. Maji. Baridi. Funga mlango. Kalolaine akija anamwambia "kelele", na mimi huwa natoka nje nikacheke. Juzi aliuliza, "Mele anakuja lini?" Simu nimeishusha kabatini, wimbo wako anausikia kila siku baada ya chai, na sasa huwa siendi jikoni ukianza. Nakaa. Ila bado inanichoma kidogo unapofika pale juu ambako mimi sitafika hata nikifundishwa miaka mia.

Jana akadai kupelekwa kanisani. Uaisele na wanaume wa besi walimbeba na kiti, amevaa nguo nyeusi na ule mkeka mzuri wa heshima wa kufunga kiunoni, ule wa bibi. Wanawake wa sauti ya pili walikuwa wamemwachia nafasi yake kwenye benchi miezi yote hii, hakuna aliyeikalia. Nikamkalisha, nikamweka sawa, nikageuka niende zangu nyuma kwa wenye watoto wachanga, ninapokaa siku zote.

Akagonga benchi kwa kiganja. Kanisa lote likasikia.

"Hapa," akasema.

Mwalimu wa kwaya akanitazama. Nikamtazama mama. Akagonga tena. "Lesieli, hapa." Kalolaine akasogea bila kelele, mara yake ya kwanza maishani, nikakaa. Tukaimba. Sikuimba vizuri, mama alinifinya paja kila nilipopanda juu, nina alama. Lakini nilikuwa kwenye benchi la sauti ya pili, bega langu na bega lake, na hakuna aliyeniambia niangalie chungu.

Nilitamani sana ungekuwepo, mdogo wangu. Si ili ufurahi tu. Nilitaka uone, halafu uone wivu.

Njooni Krismasi. Leteni sauti zenu na muda wa kutosha, na zamu ya mashuka tutagawana sawasawa.

Nisalimie Semisi, wabusu wanao Paea na Fifita, na shangazi Vika wa Otara mwambie dawa ya miguu ilifika. Uaisele anawasalimu. Mama nimemuuliza nikuandikie nini, kafikiri sana, akasema, "Ale." Basi kula, naona anakuwazia umekonda.

Yeye aliyemfungua mama kinywa akulinde wewe na nyumba yako, akupe riziki na usingizi mtamu.

Ni mimi dada yako akupendaye hata siku za wivu,

Lesieli