Kiti Kimoja cha Kompyuta, Pacha Wawili

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaharibu, maana nyumbani kwangu kila mtu ameshatoa uamuzi wake isipokuwa mimi, na mimi ndiye mama.

Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, napiga pasi mashuka kutwa nzima, mume wangu ni fundi rangi, mama mkwe anaishi nasi, na watoto tunao wawili tu, pacha wa kike, wanaofanana kiasi kwamba daktari wa meno aliwahi kumkagua mmoja mara mbili akamwacha mwenzake aende zake. Tunawaita Kelele na Kimya, na kila mmoja alijipatia jina lake mwenyewe tangu akiwa mchanga. Mtu wa nje akitaka kuwatofautisha hutazama kidevu, kwa sababu Kelele ana kovu dogo, alianguka kwenye ngazi.

Sasa shule yao ilileta darasa la kompyuta la baada ya masomo, kwenye ukumbi ulio nyuma ya madarasa, kila mtoto na mashine yake, na mashine yenyewe ndiyo inayofundisha hesabu na kusoma, mtoto akikosea inamrudisha nyuma, akipatia inampeleka mbele, na kesho yake inakumbuka alipoishia. Viti vilikuwa vichache na watoto wengi, kwa hiyo uongozi ukatangaza kwamba kila nyumba itoe mtoto mmoja tu, hakuna mjadala. Nilikwenda kumwomba mwalimu wa kompyuta, kijana mpole mwenye miwani, nikamweleza kwamba wangu wamezaliwa siku moja, nitamwachaje mmoja, akanijibu, "Mama, nikikufungulia wewe mlango, kesho nitashindwa kuufunga." Nikarudi nyumbani, baba yao akawapa vijiti wavute, Kelele akavuta kirefu, Kimya akasema "Hongera," akatoka kwenda kuanua nguo, nami nikadhani yamekwisha.

Yakaanza maajabu. Alama za Kelele zikapanda, hilo sikulishangaa, lakini na za Kimya zikapanda, hadi mwalimu wao wa darasa akaniuliza, "Huyu anayekwenda kwenye kompyuta namwelewa, lakini huyu mwingine maarifa anayaokota wapi?" Nikamjibu kwa utani kwamba wanalala kitanda kimoja, labda yanahamia kwenye mto. Tukacheka wote wawili, mimi nikicheka kwa ujinga wangu.

Siku moja mashine kubwa ya kufulia iliharibika kazini tukaruhusiwa kuondoka mapema, nikasema acha nipitie ukumbini nimchukue Kelele, nikachungulia dirishani, nikaona watoto wamenipa migongo, na kwenye kiti cha Kelele amekaa mtoto ametulia tuli, mikono mapajani, anangoja somo lifunguke. Mshauri, Kelele hajawahi kungoja kitu akiwa ametulia tangu nimzae. Mama hahitaji uso, mgongo unatosha. Alipogeuka nikaona amebandika plasta kidevuni, pale pale penye kovu la mwenzake, ndipo nikakumbuka kwamba Kelele naye siku hizi haachi plasta, anadai kovu linamwasha, na mimi nilikuwa nikimnunulia plasta hizo mwenyewe.

Sikuingia. Nilirudi nyumbani nikamkuta Kelele jikoni anakausha vyombo na bibi yake, na aliponiona uso tu akaweka sahani chini.

"Mama, usimgombeze Kimya. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba kiti ni chetu. Leo mimi, kesho yeye."

"Na mwalimu hajawagundua?"

"Mwalimu anatazama skrini, Mama. Nyuso zetu hazitazami."

Ndipo nikaelewa ile minong'ono yao kitandani ambayo kila siku nilikuwa naikemea nikiwaambia walale, kumbe aliyekwenda alikuwa anamfundisha aliyebaki, somo lilipofika, swali lililomshinda, njia aliyoipata, kwa sababu wa kesho akipotea mahali wa leo alipopita, watakamatwa. Nikamgeukia mama mkwe nikamuuliza, "Mama, ulikuwa unajua?" Akajibu bila hata kuinua macho, "Mwanangu, hawa nimewaogesha mimi tangu wanatoshea kwenye beseni, watanificha nini? Nilijua siku ya kwanza. Watoto wanaiba nafasi ya kusoma, nikawachongee?"

Nikanyamaza. Nilijiambia mhula unaelekea ukingoni, jambo litajifia lenyewe, lakini halikufa, likazaa. Mwalimu wa kompyuta aliniita akiwa na furaha tele, akaniambia kuna shule ya bweni ya sayansi inatoa nafasi moja kwa watoto wa darasa lake, na aliyependekezwa ni Kelele, kilichobaki ni mtihani kwenye kompyuta na usaili mbele ya walimu wa huko. Akasema, "Mama, mtoto wako ana vichwa viwili. Siku moja ana haraka na anabuni njia zake mwenyewe, siku nyingine anakwenda polepole na hakosei hata nukta." Nilicheka mdomo ukiwa mkavu.

Nyumbani mume wangu aliposikia akasema, "Basi ni rahisi. Kwenye mtihani aende Kimya, kwenye maongezi aende Kelele. Plasta zipo."

"Na bwenini, Baba, ataenda nani?" nikamuuliza.

"Watapokezana, kwani wameanza leo?"

Nusu alikuwa anatania, lakini ile nusu nyingine haikuwa utani, na mama mkwe akadakia kwamba bahati haibishi hodi mara mbili, ikija ishikwe, mengine yatajulikana mbele ya safari. Wakati huo Kimya alikuwa anakunja sare za shule pembeni, akauliza bila kutuangalia, "Mama, nikifaulu mimi, huko nitaitwa nani?"

Mshauri, nikisema ukweli huenda wakakosa wote, nikinyamaza mmoja ataishi kwa jina la mwenzake, na nikiambiwa nichague mmoja, nimchague yupi, aliyekipata kiti kwa haki au yule mtihani unaomfaa zaidi? Usaili ni wiki ijayo na nguo wanazoniletea nipige pasi naziunguza. Niambie la kufanya.

Mama Pacha

*

Mama Pacha,

Barua yako isingeweza kungoja zamu yake gazetini, ndiyo maana nilikupigia simu siku ile ile iliponifikia, na nakushukuru kwa kukubali niandike hapa niliyokuambia na yaliyofuata, ili wazazi wengine nao wapate lao.

Nilikuambia kwanza kwamba nakuonea huruma, na sikukaa sana kwenye huruma kwa sababu ulikuwa na wiki moja tu. Ulikuwa umegundua jambo ukalifunika, ukategemea mhula ukulipie deni la ukimya wako. Watoto walikudanganya kitoto. Wewe uliwadanganya wakubwa wenzako kiutu uzima, na hayo hayalingani uzito. Mumeo nilimwita kwenye simu nikamuuliza kama angekubali ukuta alioupaka yeye uandikwe jina la fundi mwingine kwa maisha yote. Akasema, "Nimekuelewa, shangazi." Mama mkwe wako mpe heshima zake zote, lakini kujua siku ya kwanza na kukaa kimya si hekima, ni kumwona mwizi akiingia ukamwacha mwenye nyumba alale.

Kwenye simu uliniuliza pia kama kweli kuna aliyeumia. Kwenye kiti hakuna, nilikuambia hivyo na sibadilishi. Kiti kilikuwa kimoja na kilikaliwa na mtoto mmoja kila jioni. Lakini nafasi ya bweni ni habari nyingine. Pale watoto wa darasa zima walipimwa kabla mwalimu hajampendekeza mmoja, kila mtoto na kichwa chake, na wewe ungepeleka viwili ndani ya plasta moja. Yule ambaye angekosa kwa sababu hiyo naye ana mama, na mama huyo hana pacha.

Kwa hiyo nilikuambia uende, wewe na mumeo na watoto wote wawili, kabla ya usaili, na kwamba usiwatumie watoto kama ngao, useme mwenyewe. Ulikwenda. Uliniambia kijana wa kompyuta alivua miwani, akaitazama plasta ya huyu na ya yule, akakaa kitako akasema, "Kumbe nimekuwa nikimsifu mtoto ambaye hayupo." Nilimpenda kwa maneno hayo, kwa sababu alijilaumu kabla ya kuwalaumu. Alikuwa na skrini inayomwonyesha kila kosa la kila mtoto, na hakuwahi kumwinamia mmoja wao akamuuliza, "Hapa ulifikaje?" Mashine ilikumbuka somo lilipoishia, na kumjua mtoto aliyekaa mbele yake ilikuwa kazi ya mwalimu. Walimu wote wanaosoma ukurasa huu na kompyuta zao, lichukueni hilo, halina malipo.

Shule ya bweni ikakubali wote wawili wapimwe, kila mmoja kwa jina lake, ila nafasi ikabaki moja. Kelele aliwachekesha wale walimu kwenye usaili hadi mmoja akafuta machozi, lakini kwenye mtihani alikimbia akaruka maswali. Kimya kwenye usaili alijibu maneno machache, na kwenye mtihani hakukosea karibu kitu. Wakamchukua Kimya. Uongozi wa darasa la jioni nao ukaamua kwamba sheria ilivunjwa, kwa hiyo kiti kile apewe mtoto mwingine.

Ndivyo ilivyokuwa, wasomaji. Kelele, aliyevuta kijiti kirefu kihalali, aliyegawa kiti chake bila kuombwa, ndiye aliyebaki bila bweni na bila kiti. Mama yake alinipigia tena, safari hii kwa jambo moja tu: mtoto hali vizuri, na ule mdomo uliompa jina umefungwa. Anamsaidia mwenzake kufunga sanduku, hagombani, hasemi.

Nisikilize basi, Mama Pacha, maana hapa ndipo penye kazi, yale mengine yalikuwa utangulizi.

Usimwambie kwamba zamu yake itakuja, huna uhakika na yeye anajua huna. Usimnunulie simu wala viatu, atajua anafutwa machozi kwa duka. Msifanye sherehe ya kumuaga Kimya halafu mkamketisha Kelele kwenye kona kama mgeni aliyekosea nyumba, wala msimfiche Kimya furaha yake kana kwamba ameiba, hajaiba safari hii. Mwambie Kelele maneno mawili, na uyaseme yote mawili kwa pamoja: kwamba alichomfanyia pacha wake kilikuwa kikubwa, na kwamba njia aliyoitumia ilikuwa kosa. Ukisema la kwanza peke yake atadhani dunia imemwonea na wewe umekubali. Ukisema la pili peke yake hatagawa kitu tena maisha yake.

Kuhusu masomo yake, nenda mhula ujao ukapange foleni ya kiti kama mzazi mwingine yeyote, bila kuomba huruma. Lakini usidhani mtoto amerudi gizani. Amezoea kusoma kitu ili amweleze mwenzake kabla ya kulala, na mwenzake anaondoka, ndiyo maana amefunga mdomo, hana wa kumwambia. Hilo halihitaji kompyuta. Linahitaji mtu mzima mmoja mwenye masikio. Baba yake achukue hesabu, kipimo cha ukuta na kiasi cha rangi anavijua yeye, na akubali kusahihishwa akikosea. Bibi achukue hadithi. Nawe, baada ya wiki chache, muulize mwalimu wake wa darasa kama kuna mtoto anayechechemea kwenye kusoma, umpe Kelele amfundishe. Mtoto huyo ni mwalimu tayari, mlikuwa mnamkemea alale.

Wale wanaopita mlangoni kwenu kuuliza, "Huyu ndiye aliyefeli?" wajibu kwamba huyu ni Kelele, kisha funga mlango.

Na anza Jumatatu. Ukitoka kazini usiende nyumbani kwanza. Mwambie akungoje shuleni, upite umchukue yeye peke yake, mrudi kwa miguu kwa njia ndefu, na usimuulize habari za bweni. Muulize leo darasani kulikuwa na nini, kisha nyamaza. Siku ya kwanza huenda asiseme neno, rudi Jumanne. Atakapoanza, usimkatize hadi achoke mwenyewe, na kwa jinsi ulivyonieleza habari zake, huyo hachoki upesi, kwa hiyo vaa viatu vya chini.