Ngozi Iliyokuwa Kwenye Pochi Yako

Baba Chizuru,

Wali umo kwenye jiko la umeme. Supu ya miso ipashe tu, usiichemshe.

Nimempeleka nyoka wa mwanao kwa daktari wa wanyama. Ndiyo, mimi, nisiyeweza hata kumtazama! Nimembeba kwenye foronya yako mpya, usiitafute. Sikukuamsha, maana ningekuamsha kwa mwiko.

Asubuhi harufu ilinifanya nifunue tangi lake la kioo. Ngozi kuukuu imemganda vipande vipande, na ubavuni nyama iko wazi, nyekundu, inachuruzika majimaji na kunuka kama samaki aliyeshinda juani. Nikadhani ni ugonjwa. Kumbe! Pochi yako ilikuwa mezani imefunguka, na ndani yake kipande cha ngozi chenye damu. Kando ya noti! Ptuu!

Hukuweza kungoja ajivue mwenyewe? Marehemu mama yako alisema ngozi ya nyoka kwenye pochi huvuta pesa. Hakusema umchune angali hai! Ngozi ikigoma, nyoka huloweshwa kwenye maji ya vuguvugu, havutwi. Chizuru aliyabandika hayo juu ya tangi kabla hajaenda chuoni, kwa herufi kubwa, kwa ajili yako.

Toa maranda yote anayolalia, sugua tangi, likauke kabisa, utandike karatasi safi.

~~Chizuru asijue.~~ Mpigie Chizuru, umwambie mwenyewe.

Pochi nimeondoka nayo, daktari atalipwa humo. Ngozi nimekuachia kwenye bakuli lako la wali. Ikikuletea bahati, niambie.

Mama Chizuru