Nilimhukumu Mke Wangu kwa Nguo Mbichi

Mama Khavere mpendwa,

Pokea salamu kutoka Kianyaga. Nisaidie kwa sababu mimi nimeshindwa, na hapa kambini siwezi kumweleza mtu jambo hili, maana mimi ni polisi na polisi akionekana analia wenzake watamcheka hadi astaafu. Mke wangu yuko kwao Gakindu tangu mwezi wa saba pamoja na binti yetu Kanini wa darasa la pili, simu yangu hashiki, na wa kulaumiwa ni mimi peke yangu, nalisema hilo mapema ili usipoteze wakati ukitafuta kosa lake.

Mimi ni mtu wa Mwingi, nimezaliwa kwenye jua, nikaenda Kiganjo kwa mafunzo ambako baridi ilinitesa kabisa, kisha nikapelekwa Wajir nikakaa miaka tisa. Mke wangu, nitamwita Kagure, nilimpata nikiwa likizoni, na miaka hiyo yote tuliishi kwa simu na likizo hadi mwaka jana nilipohamishiwa huku, tukakaa nyumba moja na nikadhani sasa maisha yetu yameanza. Kule Wajir, Mama, joto hupita nyuzi thelathini na nane, na ukifua mashati mawili, ukimaliza la pili la kwanza limeshakauka, na shati langu la kazi lilikuwa kavu asubuhi hadi jioni, mgongoni tu kulikuwa na mistari myeupe ya chumvi ambayo niliipangusa bila kujiuliza imetoka wapi. Kwa hivyo nilijua jambo hili, na nilikuwa na uhakika nalo kuliko mambo mengi: joto hukausha. Mtu aliyelowa ametoka kwenye maji.

Mwezi wa tano Kagure akapata kazi kwenye grinhausi, zile nyumba kubwa za plastiki, wanakuza miche ya nyanya na pilipili hoho. Unajua huku kwetu wakati huo kunakuwaje, ukungu unashuka hadi barabarani na watu wanavaa sweta mbili. Sasa mke wangu anatoka asubuhi na nguo hii, jioni anarudi na nyingine, nywele mbichi chini ya kitambaa, ananukia sabuni. Nikamuuliza. Akacheka, akasema, "Baba Kanini, huko ndani kuna joto mbaya. Tunalowa mpaka kwa viatu. Si ukuje tu uone?"

Nikamwambia, "Joto naijua. Nimekaa Wajir miaka tisa na hakuna siku nilirudi nikiwa nimelowa. Sasa hapa Kianyaga, watu wakivaa sweta, ati wewe unalowa na joto?"

Akasema tena, sasa bila kucheka, "Kuja uone." Kutoka nyumbani kwetu hadi pale ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Sikwenda. Nilijiambia siendi kuaibishwa mbele ya watu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaamua ana mwanamume na kwake ndiko anakooga, na kila nilichoona baada ya hapo kilikuwa ushahidi, hata msimamizi wao Theuri, mtu mwenye mke, alipomsalimia kanisani niliona ameshika mkono wake muda mrefu kuliko inavyofaa.

Jumamosi moja akiwa jikoni nilipekua mkoba wake nikakuta karatasi ya plastiki yenye blauzi, sketi na nguo zake za ndani, zote mbichi kiasi cha kukamuliwa. Nikaziweka kando, zikawa vielelezo, ndivyo tunavyoita kazini. Nikampigia simu baba yake, Mzee Ngatia, na wazee wawili wa kanisa, wakaja mchana huo huo, wakakaribishwa chai, na chai ikiwa bado moto nikaanza kuzitoa zile nguo moja moja na kuziweka mezani, blauzi, sketi, na zile nyingine pia, Mama, mbele ya baba yake mzazi. Mzee aligeuza uso akatazama ukuta. Akasema, "Kijana yangu, hiyo kitu umeniwekea hapo, baba haonyeshwi." Kagure alizikusanya nguo zake akazirudisha kwenye karatasi, akamshika mtoto mkono, akaondoka na baba yake. Na mimi bado nilijiona nimeshinda kesi, maana Jumatatu nilikwenda kwa mwenye shamba nikamtaja Theuri, na yule bwana kwa kuogopa kelele akamwachisha Kagure kazi, na Theuri mwenyewe akaacha kazi akahama kanisa.

Mwezi wa nane mipira ya kumwagilia maji ikaibiwa kwenye grinhausi ile ile, nikatumwa kuandika taarifa. Nje kulikuwa na manyunyu na mimi nimevaa koti la baridi. Nikaingia. Mama Khavere, sijui nikuelezeje. Joto la Wajir linakupiga kama umefungua mlango wa tanuri, lakini ukipata kivuli limekuacha, unapumua. Hili halikuwa na mahali pa kulikwepa, lilinikalia mwili mzima, na kipimo kilichotundikwa kwenye nguzo kilionyesha nyuzi thelathini na tatu tu, chini ya Wajir. Robo saa haikuisha shati likawa limeganda mgongoni, jasho linateremka mkononi na kudondokea karatasi ya taarifa, wino ukatapakaa hadi jina la mlalamishi halisomeki. Msichana mmoja anayeitwa Beth akanipa kitambaa akasema, "Pole afande, hapa ni hivyo. Sisi wote hubeba nguo ya kubadilisha, na kuna bafu hapo nyuma, tunaoga kabla ya kuenda nyumbani."

Nikamuuliza, "Wote?"

"Wote. Kuna mama mmoja hata bwana yake alimfukuzia hiyo maneno. Wanasema ni polisi. Mimi ndio nilichukua nafasi yake."

Hakunijua. Nikamshukuru nikatoka nikasimama nyuma ya tangi la maji, shati likaanza kuwa baridi mwilini mwangu, nikatetemeka, nikalia pale kama mtoto.

Tangu siku hiyo sina raha. Nilimuuliza afisa wa kilimo akanieleza kwamba Wajir pia nilikuwa natoka jasho, tena jingi, ila hewa kavu ililichukua kabla sijaliona, na kwenye grinhausi hewa imejaa maji tayari, haiwezi kuchukua zaidi. Yaani joto ni mbili na mimi nilijua moja. Nikitoka kazini nakaa nyumbani bila hata kuvua koti, sipiki, na sare ya shule ya Kanini bado iko kwenye msumari kwa sababu siwezi kuigusa. Nataka kwenda Gakindu kuwaeleza, lakini neno langu mimi hawatalikubali. Naomba uandike gazetini, kwa jina lako, kwamba joto kavu na joto lenye unyevu ni vitu viwili tofauti na mtu anaweza kukosea bila ubaya, ili nikate ukurasa huo nimpelekee Mzee Ngatia. Nisipompata Kagure sioni ninaendelea kwa sababu gani.

Ni mimi Aliyelowa, Kianyaga.

*

Mama Khavere anajibu:

Aliyelowa, pole. Nimesoma barua yako mara mbili na naona unaumia kweli. Pole yangu imeishia hapo, sasa tuongee.

Ndiyo, joto ni mbili. Mimi mtu wa Vihiga nilifundisha Malindi miaka sita, nikaanika taulo asubuhi na kuianua jioni ikiwa mbichi, na mwili wangu ulishinda umelowa hata nikiwa nimekaa tu. Nilipomtembelea dada yangu Lodwar nilimaliza mtungi wa maji kwa siku, midomo ikapasuka, na tone la jasho sikuliona. Afisa wa kilimo amekueleza sawasawa. Haya, nimeandika kama ulivyoomba. Sasa nakukataza kukata ukurasa huu.

Hukumkosea Kagure kwa kutojua joto. Watu wengi watazeeka huko mlimani bila kuingia kwenye grinhausi hata siku moja, na wake zao wako nyumbani salama. Mke wako alikuambia mara mbili njoo uone. Dakika ishirini, tena wewe ni mtu ambaye serikali inamlipa kwenda kuona. Mipira ya maji ilipoibiwa ulienda. Na ile chumvi uliyoipangusa mgongoni mwa shati miaka tisa, afande, ulidhani inanyesha kutoka mbinguni? Hukuuliza kwa sababu ilikuwa ya kwako. Maji yalipokuwa kwenye nguo za mwanamke, hapo ndipo ukawa mpelelezi hodari.

Halafu ukamwekea baba nguo za ndani za binti yake karibu na kikombe cha chai. Hilo sina namna ya kulipunguza. Umeniandikia mengi kuhusu nyuzi na hewa, na nguo zile umezipitia haraka, nami nadhani ni kwa sababu unajua hapo hakuna afisa wa kilimo wa kukutetea. Sijui kama jambo hilo husameheka. Ningekuambia litasameheka ningekuwa nakudanganya.

Fanya hivi. Kabla ya Gakindu, nenda kwa mwenye shamba, umwambie kwa mdomo na kwa maandishi kwamba ulisema uongo juu ya Kagure na juu ya Theuri, na umwombe nafasi ya Kagure irudi kwake, ataitaka au hataitaka. Mtafute Theuri kanisa alikohamia umwombe msamaha mbele ya mke wake, kwa sababu yule mama naye amekaa na maneno yako miezi hii yote. Wale wazee wawili uliowaita kuona vielelezo, waite tena wasikie kwamba kesi ilikuwa ya uongo. Usimtume mtu. Na leo, si wiki ijayo, mtafute mchungaji au mwenzako mmoja mwenye akili umsomee ile sentensi yako ya mwisho, kwa sababu mtu anayebeba bunduki hapaswi kubaki na wazo kama hilo peke yake.

Kisha nenda Gakindu bila sare, uende na mama yako au dada yako mkubwa kutoka Mwingi, maana maneno ya namna hii yanahitaji mwanamke wa upande wako aketi na wanawake wa upande wao. Msubiri Mzee Ngatia langoni mpaka akukaribishe, na asipokukaribisha rudi ulikotoka. Akikukaribisha, sema Kagure hana kosa na kwamba uliwavunjia heshima yeye na baba yake, kisha unyamaze. Usitaje Wajir. Usitaje nyuzi. Usimwombe arudi siku hiyo, wala usimtumie Kanini kama daraja. Ukiruhusiwa kumwona mtoto, shukuru, umpe sare yake, uondoke mapema.

Kuna swali moja Kagure atakuuliza, siku hiyo au baada ya mwaka: ulijuaje kwamba nilisema kweli? Usimtafutie jibu zuri. Mwambie kwamba uliamini shati lako lilipolowa kabla ya kumwamini yeye. Halafu mwache aamue mwenyewe kama anaweza kuishi na mtu wa namna hiyo.