Friwili Ndogo na Mama Mkwe

Jumamosi, Agosti 1996

Na nilivyojisifu! Fundi baiskeli aliponifungia friwili ndogo, ile gia ya meno machache ya gurudumu la nyuma, nilimwambia sasa nikiteremka kilima cha Kabungu miguu haitazunguka bure tena. Kweli, asubuhi nilipaa. Hata kwenye kasi, kila nikikanyaga pedali, inashika.

Balaa ni kurudi. Nilikuwa nimemfuata mama mkwe, maana mke wangu amekaribia kujifungua. Sisi Wasukuma hatutazamani na mkwe, hivyo alikaa kwenye keria akanipa mgongo. Kwenye kilima friwili ile ikawa nzito kama jiwe. Nilikanyaga mpaka nikajamba. Nimeandika hapa, sitasema popote.

Mama akashuka, akaanza kusukuma. Kwa heshima hakusema na mimi, alisema na baiskeli.

"Wewe baiskeli, ungekuwa ng'ombe wa mahari tungekurudisha."

Nami nikaiambia baiskeli, "Pole."

Njia nzima niliogopa, mtoto akitoka kabla hatujafika... Tumefika. Uchungu umeanza, lakini nasikia mke wangu anacheka huko ndani mpaka anakohoa. Mama anamsimulia safari.

Hakuanza na kilima. Ameanza na kule kujamba.